Bibi aliomba maji, nikamtajia saa

Bwana Mhariri,

Nimeisoma makala iliyotoka gazetini mwako ya kuwashauri vijana wa Pwani wanaotaka kwenda kufanya kazi Uhispania. Mengi yaliyomo ni ya kweli: baridi ipo, kodi ya nyumba inauma, na bila karatasi mtu huishi kama panya. Lakini aya moja imenikaa kooni. Mwandishi amesema kijana ajifunze Kihispania basi, asijisumbue na kingine, kwa sababu Kikatalani, Kibaski na "vilugha vya mashambani" ni lahaja tu za Kihispania, na hao wenyewe wote Kihispania wanakijua. Hilo la mwisho lina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki niliigharamia mimi usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, na aliyeumia zaidi alikuwa bibi kizee wa watu.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Nilifika Madrid mwaka 2012, nikakaa kwa binamu yangu, nikasoma Kihispania mwaka mzima na nusu, jioni baada ya kazi za kufagia ofisi. Kilinitoa jasho. Hasa ile habari ya kila kitu kuwa dume au jike, meza jike, mkate dume, na mtu naye "él" au "ella". Sisi tumezoea "yeye", imekwisha. Mara ngapi nimemwita mume wa mtu "ella" mbele ya mkewe! Lakini hatimaye nikakimudu, nikajiona mjuzi.

Mwaka 2014 nikapata kazi ya kumtunza mama mmoja wa miaka 83 huko Bermeo, mji wa wavuvi kaskazini, mkoa wa Bizkaia, katika jimbo la Wabaski. Kazi ya kulala humo humo, mapumziko Jumapili. Watoto wake walinieleza kwa Kihispania kizuri kwamba mama ameanza kusahausahau. Nikauliza: Kihispania anajua? Wakasema anajua, tena vizuri. Na kweli alikuwa anajua. Tatizo ni kwamba ule ugonjwa wa kusahau haufuti ovyo. Ulianza na vilivyoingia mwisho. Kihispania alikipata shuleni, Kibaski alikinyonya. Wiki za mwanzo mchana alinijibu Kihispania. Jua likishatua, Kihispania kinatua nacho.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Nimelala chumba cha pili, nasikia ananiita. Nikaenda. Ameketi kitandani, anaonyesha ukutani kwa kidole, anasema "ure, ure". Meno ya bandia yamo kwenye glasi, maneno yanatoka laini. Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya duara. Kwa Kihispania saa ni "hora", ile h haitamkwi. Nikasema moyoni, bibi anauliza saa ngapi. Nikamjibu kwa adabu: saa tisa, amama, lala. ("Amama" ndivyo Bizkaia wanavyomwita bibi.) Akatikisa kichwa. "Ure." Saa tisa na dakika tano, amama. "Ure!" Nikaishusha ile saa ukutani nikamwekea mapajani aione mwenyewe. Aliitazama, akanitazama, akaanza kulia kimya kimya kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni.

Asubuhi bintiye akaja, nikamsimulia. Akaweka mkono mdomoni. "Ure" ni maji. Nyuma ya ukuta ule wa saa ndiko kulikokuwa na jikoni, na jikoni kuna bomba. Bibi alikuwa na kiu tangu saa tisa mpaka saa moja asubuhi, mimi namsomea saa.

Tangu siku hiyo nikanunua daftari. Bintiye akaniandikia ya lazima: maji, mkate, maziwa, baridi, maumivu, choo, njoo, usiogope. Katika kamusi maji ni "ura". Yeye akaandika "ure" pembeni, akasema hapa Bermeo ndivyo tunavyosema. Nikaibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa jokofu. Miezi minne baadaye nikajiandikisha darasa la jioni, katika zile shule za watu wazima wanazoziita euskaltegi.

Sasa nirudi kwa ndugu mwandishi na neno lake "lahaja". Kikatalani na Kihispania ni ndugu, wote watoto wa Kilatini, lakini ndugu si mtoto wa nduguye. Kikatalani ndiyo lugha rasmi ya nchi nzima ya Andorra. Kigalisia, cha kule kaskazini magharibi, kiko karibu zaidi na Kireno kuliko na Kihispania. Hata katika bonde dogo la Aran, milimani mpakani na Ufaransa, wana Kiaranesi chao, nacho ni rasmi katika Katalunya. Ama Kibaski, ambacho wenyewe hukiita Euskara, hakina udugu na lugha yoyote inayojulikana duniani. Kilikuwepo kabla Warumi hawajafika na Kilatini chao. Kukiita lahaja ya Kihispania ni sawa na kusema Kigiriama ni lahaja ya Kiingereza kwa kuwa Wagiriama wanakwenda shule.

Na ajabu, Mhariri, mimi Mswahili nilikiona chepesi kuliko alivyokiona jirani yangu Mhispania. Hakina dume wala jike. "Bera" ni yeye, mwanamume kwa mwanamke. Halafu kitenzi chao kimebeba watu wote ndani kama chetu. Siku mwalimu alipoandika ubaoni "dakarkizut", darasa zima liliguna. Mimi nikacheka. Ni "ninakuletea". Mimi yumo, wewe umo, kuleta kumo, na kile kinacholetwa kimo pia. Tofauti ni kwamba kwetu "mimi" hutangulia kuingia mlangoni, kwao "mimi" ni ile t ya mwisho, anayefunga mlango. Mwalimu aliniuliza nimejulia wapi. Nikamwambia, kwa mama yangu.

Jambo lililonikaza roho zaidi si sarufi. Jioni moja bintiye amama alinieleza kwa nini mama yake, hata alipokuwa na akili zake timamu, alikuwa akipunguza sauti kila akisema Kibaski mbele ya mgeni. Amama alizaliwa 1931. Alikuwa na miaka kama sita ndege zilipoupiga mabomu mji wa Gernika, Aprili 26, 1937, kilomita kama 15 kutoka kwao. Vita vya Wahispania wenyewe kwa wenyewe vikaisha, Jenerali Franco akashika nchi kwa mabavu mpaka alipokufa 1975. Euskara kikatolewa shuleni na ofisini. Majina ya Kibaski hayakukubaliwa katika vyeti. Kina Miren wakaandikwa María, kina Jon wakaandikwa Juan. Na shuleni kulikuwa na pete. Mtoto akisikika anasema Kibaski anavishwa pete; ataivaa mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza, amkabidhi. Atakayekutwa nayo mwisho wa siku ndiye anayechapwa. Amama alichapwa. Kibaya zaidi, alisema, ni kwamba ilikufanya umvizie rafiki yako.

Nilinyamaza, nikatazama mkono wangu. Mimi sikuvishwa pete. Mimi nilivishwa diski shingoni, kipande cha ubao chenye uzi, katika shule moja ya msingi mjini Mombasa, kwa kosa la kusema Kiswahili siku ya Kiingereza. Mchezo ni ule ule: umvizie mwenzako ateleze, umvishe. Mimi nilimvisha mtoto wa shangazi yangu, mchana wa Ijumaa, kwa sababu aliniuliza kwa Kiswahili kama nimebakisha mahamri. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilimpigia simu usiku ule kutoka Bermeo, naye akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Baada ya Franco mambo yaligeuka. Katiba ya Uhispania ya 1978, kifungu cha 3, inasema Kihispania ni lugha rasmi ya dola, na kila raia ana wajibu wa kukijua na haki ya kukitumia. Lugha nyingine za Uhispania nazo ni rasmi katika maeneo yao ya kujitawala. Soma tena hapo: kwa Kihispania ni wajibu, kwa zile nyingine neno wajibu halipo. Maneno hayo mawili, wajibu na haki, ndiyo yanayoliwa na mawakili mpaka leo. Mwaka 1979 Wabaski wakapata sheria yao ya kujitawala, inayotamka kwamba Euskara ni lugha yao wenyewe na ni rasmi pamoja na Kihispania. Desemba 31, 1982 televisheni yao ikaanza kurusha matangazo. Shule zikapangwa kwa herufi: A ni Kihispania na Kibaski kama somo, B ni nusu kwa nusu, D ni Kibaski na Kihispania kama somo. Hakuna C, kwa kuwa alfabeti yao ya asili haina C, jambo ambalo hunichekesha kila nikijaza fomu ya mwanangu. Yuko D.

Bunge la Madrid lenyewe lilichukua miaka 45 tangu katiba kuruhusu wabunge wahutubie kwa Kikatalani, Kibaski na Kigalisia. Ni Septemba 2023 tu ndipo wakalimani walipowekwa na vifaa vya masikioni vikagawiwa. Wabunge wa chama kimoja wakatoka ukumbini na kuvirundika kwenye kiti cha waziri mkuu. Niliitazama habari hiyo na bintiye amama. Alizima televisheni kabla haijaisha akaenda kupasha supu.

Sitaki msomaji adhani huku ni peponi. Jimbo la Wabaski lilipohesabu mwaka 1991, watu 24 katika kila 100 wa miaka 16 kwenda juu walikuwa wakikijua Kibaski barabara. Mwaka 2021 wakafika 36. Ni ushindi wa shule. Lakini kujua si kusema. Kengele ya mapumziko ikilia, mwanangu na wenzake wanatoka darasani na Kibaski, wakigusa uwanja wanageukia Kihispania. Na kuna malalamiko ya haki. Rafiki yangu mmoja anatoka Otavalo, Ekuado, ambako lugha ya wenyeji ni Kikichwa. Tunasafisha ngazi za jengo moja. Alikataliwa kazi ya usaidizi katika kituo cha wazee kwa kukosa cheti cha Kibaski. Akaniambia: "Nilinyang'anywa Kikichwa ili niseme Kihispania, nimevuka bahari na Kihispania changu, naambiwa hakitoshi." Katiba ya nchi yake ya 2008 inaitaja Kikichwa na Kishuari kuwa rasmi katika mahusiano ya tamaduni mbalimbali, na wenzao wa Bolivia mwaka 2009 waliorodhesha lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania. Lakini yeye alipokuwa msichana katika nyumba za watu mjini Quito, aliyemwita kwa Kikichwa alikuwa anamtukana. Mahakama huku nazo zimekwisha kubatilisha matangazo kadhaa ya kazi za serikali, zikisema sharti la Kibaski limezidi. Mimi nimesimama katikati na ufagio wangu. Kwa kazi ya kupanga mafaili, sharti hilo nalitilia shaka. Kwa kazi ya kumlisha mzee aliyebakiwa na lugha moja kichwani, sina shaka hata chembe, na rafiki yangu nilimwambia hivyo, tukakaa siku mbili bila kusalimiana. Siku ya tatu akaniletea mahindi ya kukaanga. Sasa anasoma daraja la pili.

Sasa nifike kwenye lahaja za kweli, maana na huko kuna kisa. Kibaski nilichofundishwa darasani huitwa "batua", maana yake kilichounganishwa. Mwaka 1968 wataalamu wao walikutana Arantzazu, kwenye makao ya watawa mlimani, na Koldo Mitxelena akaongoza kazi ya kuchagua lugha moja ya kuandikia. Walichukua zaidi kutoka lahaja za katikati. Wa Bizkaia walinung'unika, na juu ya herufi h peke yake watu waligombana miaka mingi. Nikaenda kwa amama na batua yangu mpya nikamwambia kwa majivuno kwamba nazungumza Kibaski: "hitz egiten dut". Akanikodolea macho, kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kama mimi ni mtu wa Gipuzkoa. Mimi, na buibui langu! Kwao Bermeo kuzungumza si "hitz egin", ni "berba egin". Wala hawasemi "dut", wanasema "dot". Mkoa wa jirani tu, na tayari mimi ni mgeni wa upande ule.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili. Insha yangu ya kwanza shuleni ilirudi imejaa wino mwekundu. Nimeandika "mato", amekata, ameweka "macho". Nimeandika "ndia", ameweka "njia". "Kitwa", "kichwa". Akaniambia hicho si Kiswahili. Nikaenda nyumbani nikamtazama bibi yangu, ambaye hajui lugha nyingine duniani, nikajiuliza basi anasema nini. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa. Wageni walikula biriani yetu wakaondoka na Kimvita chetu kimeachwa kwenye sahani.

Silii. Bila batua, Kibaski kisingepata vitabu vya hisabati wala televisheni, na bila Kiswahili sanifu mimi nisingeandika barua hii ikasomwa Kigoma na Kisumu. Ninachotaka ni mwalimu amwambie mtoto: hiki cha nyumbani, hiki cha kuandikia. Mwalimu wangu wa euskaltegi ndivyo alivyofanya nilipompelekea "dot" ya amama. Hakuikata. Aliizungushia duara, akaandika pembeni: "Bermeo", na alama ya mshangao.

Kitu kimoja zaidi kuhusu amama, kwa kuwa vijana wanaoondoka Mombasa watapenda kujua. Alikuwa mshona nyavu bandarini, kazi ya wanawake wa huko. Mumewe alivua hapo hapo kwao, lakini mwanawe wa kwanza alikwenda na meli kubwa za jodari zilizoandikishwa Bermeo, zinazovua Bahari ya Hindi, maji yetu sisi. Moja ya meli hizo, Alakrana, ilitekwa na maharamia wa Kisomali Oktoba 2009 ikiwa na mabaharia 36, na mji mzima ukakaa bila usingizi wiki sita na zaidi mpaka ilipoachiwa. Mwana wa amama hakuwa ndani ya meli hiyo, lakini Kilindini alikuwa amefika. Alipostaafu alinijia jikoni siku moja akanitajia maneno matatu ya Kiswahili aliyookota bandarini, mawili kati yake siwezi kuyaandika gazetini. La tatu lilikuwa "samaki".

Majira ya baridi ya mwisho, vidole vya amama vilikuwa vikifunga mafundo kwenye pindo la blanketi mchana kutwa. Nami nikaketi naye, nikachukua pindo la upande wa pili. Aliyatazama mafundo yangu, akayafumua yote, akanigombeza kwa Kibaski kwamba kwa wavu kama huo samaki watapita wakicheka. Nikaomba radhi: "Barkatu, amama." Akasema "berriz", yaani tena, nikaanza upya. Alifariki Machi 2017.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, urekebishe neno "lahaja" katika toleo lijalo, na umwombe mwandishi wako awaambie vijana waulize kwanza wanakwenda sehemu gani ya Uhispania. Anayekwenda Madrid au Seville, Kihispania kitamtosha, ingawa Waandalusia, watu wa huko Seville, watammezea nusu ya kila neno. Anayekwenda Barcelona atafute Kikatalani, anayekwenda Galisia vivyo hivyo. Na anayekuja huku kwetu kutunza wazee, kama wengi wetu tunavyofanya, madarasa ya jioni huanza Oktoba, na asingoje mpaka Oktoba kujua neno la kwanza. Kitabuni ataliona "ura". Bermeo atalisikia "ure".

Wako msomaji,
Mzaliwa wa Kibokoni,
Bermeo, Bizkaia
(Jina limehifadhiwa)